Bahari ya Kasian Imeota Nywele

Benchi letu liko Ilula, kando ya barabara kuu, kati ya meza za nyanya na gereji ya pikipiki. Mimi nauza kahawa hapo, mtoto mgongoni, na kwa kawaida nasikiliza tu. Wateja wa kila asubuhi ni watatu. Profesa ni Obeid, fundi viatu, ambaye hajawahi kukosa jibu. Injinia ni Jofrey, fundi wa pampu za kumwagilia. Wa tatu ni Kasian. Tunamwita Bahari, kwa sababu kwenye mapokezi ya gesti ya Mama Devota anatunza tangi la kioo lenye maji ya chumvi, matumbawe na samaki wa baharini. Abiria hushuka kwenye mabasi kwenda kulitazama. Alhamisi moja Kasian alikuja amekunja uso, na vidole vyake vilikuwa vya kijani.

Profesa: Bahari, umetoka kukamua mchicha?

Kasian: Ni mwani huu. Umeota tangi zima kama nywele. Matumbawe hayaonekani.

Injinia: Si unyoe?

Kasian: Nanyoa kila asubuhi kwa mswaki. Kesho yake umerudi. Na Mama Devota ameshasema: Jumamosi wageni wa harusi wakikuta kijani, Jumatatu samaki wanaenda Dar kwa dada yake, na pale linakaa friji la soda.

Kasian amewalea wale samaki miaka miwili. Kuna wawili wa rangi ya chungwa wanaofuata kidole chake kwenye kioo, kushoto na kulia. Mimi nilijaribu siku moja, wakanipa mgongo.

Injinia: Taa hiyo, aisee. Mnaiwasha kutwa, mwani unadhani uko shambani.

Kasian: Nimepunguza. Saa sita tu kwa siku.

Injinia: Basi chakula. Unawashibisha, makombo yanaoza.

Kasian: Nawapa kiduchu, mara moja kwa siku. Wananiangalia kama nimewaibia.

Profesa: Niachieni mimi. Tatizo ni Kitonga.

Injinia: Mlima Kitonga umeingiaje humu?

Profesa: Chumvi ya hilo tangi inatoka wapi? Dar. Inapanda Kitonga kwa basi. Wewe mwenyewe ukipanda Kitonga, masikio si yanaziba? Sasa chumvi ya watu wa joto imefika huku juu, imeziba.

Kasian: Chumvi haina masikio, Profesa.

Profesa: Ndiyo maana haikulalamika.

Injinia: Mimi naona ni baridi. Samaki wa pwani wanatetemeka, wameamua kujifumia sweta.

Kasian: Sweta la kijani?

Injinia: Uzi mwekundu wangeupata wapi humo ndani?

Profesa: Tia konokono wa bustanini, wale wanaomaliza kabichi.

Kasian: Kwenye chumvi? Watakufa hawajapiga hodi. Wa baharini ninao sita. Wanakula mpaka wanalala juu ya chakula.

Profesa: Basi tulipakie tangi kwenye fuso, lishuke Ruaha Mbuyuni lirudi. Barabara italitikisa mpaka lipate mawimbi. Hayo maji yamekaa kivivu.

Kasian: Hayajakaa! Nayabadilisha. Zamani ndoo mbili kwa wiki, sasa ndoo mbili kila siku. Na kadiri ninavyobadilisha, ndivyo mwani unavyozidi. Nifanye nini tena, jamani?

Wakati huo alikuwa amefika dada mmoja, abiria wa basi la Mbeya lililopasuka tairi. Alisema anaitwa Bupe, akapokea kikombe, akabaki amesimama anasikiliza.

Bupe: Samahani, kaka zangu. Hayo maji ya kuchanganyia chumvi, mnayachota wapi?

Kasian: Kisima cha bondeni, dada. Maji maangavu kabisa.

Bupe: Na hapo juu ya kisima kuna nini?

Kasian: Nyanya.

Bupe: Za nani?

Injinia alianza kufuta mafuta yasiyokuwepo kwenye kiganja. Profesa aligundua kwamba soli ya kiatu chake inahitaji kuangaliwa. Zile nyanya za mteremkoni ni zao wote watatu. Wiki iliyopita tu walimaliza kutia mbolea, tena kwa mkono mzito, wakafungulia pampu juu yake, na kila kinachomwagwa kule juu kinateremkia kisimani. Bahari alikuwa akiteka mbolea yake mwenyewe na kuubebea mwani kwa ndoo.

Sijui sauti niliitoa wapi.

"Ndoo yangu ikikaa juani na maji ya kile kisima, siku ya tatu inaota kijani," nilisema. "Nilidhani ni uvivu wangu wa kusugua."

Profesa: Kumbe Mama Pendo anaongea! (Kisha akaangalia kikombe chake, akakiinua kwenye mwanga.) Na hii kahawa je?

"Kahawa nachota tangi la mvua la kanisani."

Kasian alisimama.

Kasian: Lina maji?

"Linafika nusu. Mzee wa kanisa hakatai ukimwomba vizuri."

Kasian: Nikiung'oa mwani kwa mkono leo, nikaweka maji ya mvua leo na kesho... Hautaisha wote. Lakini upande wa mlangoni matumbawe yataonekana. Wageni wanaingilia mlangoni.

Injinia: Toroli ninalo.

Profesa: Ngojeni kwanza. Maji ya mvua ni mepesi mno. Samaki watazama mpaka chini.

Kasian: Shika dumu, Profesa.

Basi lilipiga honi, Bupe akarudisha kikombe mbio. Nilipogeuka, wanaume walikuwa wameshaanza kupandisha njia ya kanisani. Kasian alitangulia na toroli, Injinia akisukuma kwa nyuma, na Profesa aliwafuata akieleza kwa nini jambo hilo haliwezekani kabisa, dumu moja kila mkono.