Fundi Vioo Amekufa Anaona

Wasikilizaji wapendwa, redio hii haina mtangazaji mwenye macho makali kama yangu. Asubuhi hii nimeliamkia, kwa heshima zote, koti lililotundikwa mlangoni.

Basi leo tunamkumbuka mwanamke aliyejua macho ni nini. Fundi cherehani, mkaidi wa kuzaliwa. Walimwita Fundi Vioo, maana miwani yake ilikuwa minene kama kitako cha chupa. Amefariki wiki iliyopita, mzee kabisa. Na amekufa anaona. Narudia: amekufa anaona.

Mbali hakuona kitu. Ila karibu! Alivua miwani, akaleta sindano puani, uzi ukapita mara moja, huku wenye macho yao wakilamba uzi na kulaani.

Siku moja jicho la kushoto likaanza kurusha cheche, kama kuna mtu ndani anachomelea geti. Vikafuata vidoa vyeusi vinavyoelea. Kisha kivuli kikashuka kama pazia.

"Uchovu tu huo, dada. Lala," alisema kaka yake. Huyu ni kinyozi, naye ana miwani mizito vilevile. Wateja wake huingia wameshika masikio.

Hakulala. Alikwenda hospitali.

Daktari alimweleza. Jicho la mtu asiyeona mbali kiasi hicho hurefuka, na utando wa nyuma, yaani retina, huvutika na kuwa mwembamba. Wake ulikuwa umechanika, umebanduka kama karatasi ya ukutani. Wakampasua, wakaurudisha, wakaweka kiputo cha gesi ndani kiushikilie. Sharti: alale kifudifudi mpaka ushike.

Akalala kifudifudi kwenye benchi la dukani, akiwatambua wageni kwa viatu.

"Pindo hilo kakushonea nani, jirani? Limeenda upande. Liache hapa."

Jicho likarudi. Si lote, lakini la kutosha kumwona mteja anayebana tumbo akipimwa kiuno.

Kisha daktari akakuta tundu dogo kwenye jicho la kulia. Akataka kulizungushia miale ya leza kabla halijachanika. Kaka mtu akaja juu.

"Jicho zima unalipeleka likachomwe? Una wazimu?"

"Wewe kaka unakata watu masikio na bado wanarudi. Mimi nimkimbie daktari? Na wewe utakwenda. Macho yetu kayazaa mama mmoja."

Akachomwa leza, akarudi kushona. Kaka kila mwaka aliapa atakwenda, kila mwaka hakwenda. Hata kitandani, siku za mwisho, dada alimng'ang'ania mkono: "Usinililie. Kapimwe."

Kwa wafiwa, na hasa binti yake anayekalia sasa cherehani ile, poleni sana. Nawe unayesikiliza, jiulize: cheche, vidoa, pazia, unangoja nini? Nenda siku hiyohiyo. Fundi Vioo hakulingoja giza.

Jana msibani, kinyozi aliingia kifua mbele.

"Nimetoka kupimwa sasa hivi! Retina safi kama ya mtoto!"

Watu wakampongeza. Binti akamvuta nje, kwenye jua kali, akamvua miwani.

"Mjomba, walikutia matone?"

"Mengi! Mpaka mashavu yakalowa."

"Matone yale hupanua mboni mpaka jioni. Mama alikuwa akirudi amejifunika uso, jua linamuumiza. Mbona zako ndogo kama vichwa vya pini?"

Mjomba akakohoa.

"Mimi," akasema, "walinipa ya kunywa."