Shokapu Nne za Fermín

Nje ya gereji ya don Evelio Barragán, katika mtaa wa mafundi wa Siete de Agosto, Bogotá, kuna kiti cha nyuma cha basi kilichong'olewa zamani na kuegemezwa ukutani. Hicho ndicho kijiwe. Kila asubuhi, kabla mashine hazijaanza kupiga kelele, wanakaa hapo watu walewale: Nati, anayeuza bolti kuukuu kwa kilo na hajawahi kukubali kwamba kuna jambo asilolijua, Askofu, aliyefukuzwa seminari ujanani na sasa anauza rimu, na doña Eduvina, ambaye yeye hakai, husimama na chupa zake tatu za kahawa kwenye kigari cha mtoto. Jumanne hiyo manyunyu yalikuwa yakianguka tangu alfajiri. Ndani ya geti, chini ya turubai, lilikuwepo gari la Fermín Tibaquirá, mwoka mikate wa mtaa wa pili, mlango wa dereva umebonyea hadi kwenye kiti.

Evelio alikuwa amekaa katikati yao na kikombe cha kahawa iliyokwisha kupoa.

Gari la Fermín lilikuwa la Kijerumani, lenye shokapu za umeme, zile ambazo kompyuta huzilegeza na kuzikaza yenyewe kadiri barabara inavyokwenda. Wiki iliyopita Evelio alizing'oa zote nne akafunga za kawaida, za kukazwa kwa mkono. Wanaoshindana mbio za magari wengi hufanya hivyo, maana dereva anataka gari liingie kona ya mwisho vilevile lilivyoingia ya kwanza, bila kompyuta kujiamulia. Tatizo ni kwamba kompyuta ikizitafuta shokapu zake ikazikosa, hupunguza nguvu ya injini, ikidhani inakulinda. Ndiyo maana kwenye kila waya uliobaki ukining'inia Evelio aliunga rezista, kidude kidogo kama punje ya mchele, ili kompyuta idhani shokapu zake bado zipo. Na ilidhani hivyo, mpaka Jumapili, uwanja wa mbio wa Tocancipá, mzunguko wa sita. Fermín alitoka kwenye kona akakanyaga mafuta, gari likakataa kwenda. Gari la nyuma likamgonga, akazunguka, na la tatu likamkuta mlangoni.

— Mimi nasema ni mwinuko, — Askofu alianza. — Tuko juu sana hapa. Hewa nyepesi. Mafuta ya shokapu yanajaa povu kama bia.

— Povu la wapi, Askofu! — Nati alimkata. — Hiyo ni kompyuta. Ile imezaliwa Ujerumani, imezoea adabu. Unaing'olea viungo vyake bila kuiomba ruhusa, unadhani itakuchekea?

— Kompyuta haina roho, wewe.

— Haina roho, lakini ina kinyongo. Mwulize binamu yangu. Alibadilisha redio tu kwenye lori lake, likagoma kuwaka siku tatu.

— Binamu yako alisahau kuweka dizeli, — doña Eduvina alisema huku akimimina. — Mkewe mwenyewe aliniambia.

Askofu alicheka. Nati hakucheka. Evelio aliwasikia kama mtu anayesikia redio ya jirani. Alikuwa akiviona vidole vyake mwenyewe, Jumamosi saa kumi jioni, chini ya gari lile. Rezista tatu alizichomea kwa risasi ya kulehemu, akazivisha mpira. Alipofika kwenye ya nne risasi ilikuwa imekwisha, duka la spea limefungwa, na Fermín amesimama pale na mfuko wa mikate ya moto, anauliza kama wamemaliza. Akapindanisha waya, akauzungushia tepu. Akasema wamemaliza.

Jana gari lilipoletwa alikwenda moja kwa moja kwenye gurudumu la nyuma la kulia, akapiga magoti. Tepu ilikuwa imelegea kwa joto. Kidude kile kilikuwa kinaning'inia kwa unywele mmoja wa waya.

— Sikilizeni, — Nati alishusha sauti. — Mimi nina lingine, na nyie mtaniita kichaa. Magari haya yanaangaliwa kutoka angani. Kuna setilaiti. Waliolitengeneza wanaona umeweka spea isiyo yao, wanabonyeza kitufe hukohuko kwao, kwisha habari yako.

— Jumapili? — Askofu aliuliza. — Wazungu hawafanyi kazi Jumapili.

— Kitufe hakijui Jumapili, bwana wewe!

— Ni tepu, — Evelio alisema.

Wakamgeukia wote.

— Waya wa nne sikuuchomea. Niliufunga kwa tepu. Umeachia. Nimeuona kwa macho yangu.

Nati akamgusa bega.

— Don Evelio, acha kujitesa. Tepu gani? Mimi nimefunga bomba la breki kwa tepu nikateremka nalo milima yote mpaka Villavicencio.

— Na kama ni tepu, — Askofu aliongeza upesi, — basi imeharibiwa na baridi. Tepu za siku hizi feki. Lawama ni za aliyeitengeneza.

— Si za aliyeitengeneza.

— Basi za yule wa nyuma! Kwani hakuwa na macho?

— Mnanisikia lakini? — Evelio alisema. — Nawaambia ni mimi.

— Tunakusikia, mzee wangu. Umechoka. Eduvina, mwongezee kahawa ya moto.

Wakarudi kwenye setilaiti. Evelio akajua kwamba hawatamruhusu kujilaumu. Wangezua lolote, wangemleta hata shetani mwenyewe mtaani hapo, ili mradi asiwe yeye. Alijua wanampenda. Na kwa sababu ya upendo ule, sasa hakukuwa na mtu wa kumwambia.

Ndipo alipofika Yamile, dada yake Fermín. Walimfahamu kwa kumwona tu nyuma ya kaunta ya mikate. Alikuwa amevaa aproni yake bado, nywele zimelowa, mkononi ana mfuko wa nailoni.

— Habari za asubuhi. Nimekuja kuchukua vitu vyake vilivyomo ndani ya gari. Miwani, na koti.

Evelio alisimama. Askofu akavua kofia.

— Anaendeleaje, binti? — doña Eduvina aliuliza.

— Wamemkata mguu leo alfajiri. Chini ya goti. — Alisema hivyo kwa sauti ya mtu anayetaja bei ya mkate. — Bado amelala. Hajui.

Doña Eduvina alimpa kikombe, naye akakipokea bila kunywa. Alitazama turubai, kisha akamtazama Evelio, si kwa hasira. Alitazama kama mtu ambaye kweli anataka kuelewa.

— Don Evelio, mimi magari siyajui. Nataka kukuuliza kitu kimoja. Zile shokapu mlizozitoa, zilikuwa zimekufa?

— Hapana, — Evelio alisema. — Zilikuwa nzima.

— Basi mlizitoa kwa nini?

Evelio alikuwa na majibu ya miaka thelathini: kona, mafuta yanayopata joto, kompyuta inayomwamulia dereva. Yote yalikuwa ya kweli. Lakini hilo lilikuwa shindano la kwanza la Fermín, na angeweza kukimbia msimu mzima na zile zilizokuja na gari asijue tofauti. Fermín mwenyewe alikuja tu kubadilisha breki.

— Nilimwambia akienda na zile atachekwa, — alisema.

Yamile alifikiri kidogo. Maji yalikuwa yakimtiririka usoni, na hakuyafuta.

— Atachekwa na nani?