Breki, Aliyepanga Safari za Pikipiki Milimani

Marehemu dada yetu, ambaye wengi wenu mlimfahamu kwa jina la Breki, alizaliwa tarehe 3 Mei 1959, mtoto wa pili wa dereva wa lori na mshona nguo. Alikuwa mwoga tangu utotoni, wala hakulificha hilo. Akiwa na miaka tisa, baba alimpakia nyuma ya pikipiki wakavuka mlima. Kwenye kona yenye changarawe gurudumu liliteleza, wakasimama hatua moja tu kutoka ukingoni. Baba alimwambia asitazame chini. Alitazama.

Alimaliza shule ya msingi mwaka 1973 na sekondari mwaka 1977, kisha akasomea upimaji. Mwaka 1981 aliajiriwa na idara ya barabara kama mchoraji ramani, akakaa chumba kilekile cha ghorofa ya pili, dirisha likitazama milima, hadi alipostaafu mwaka 2014.

Humo ndimo fundi mmoja wa pikipiki alimomkuta, akiomba ramani ya njia ya juu.

"Utarudi saa ngapi?" Breki alimuuliza.

"Nikirudi nitajua."

"Basi sikupi."

Kesho yake fundi alirudi na saa zote zimeandikwa kwenye karatasi. Walifunga ndoa tarehe 16 Agosti 1986, wakajaliwa binti na mwana.

Fundi alipenda kuzunguka milimani na wenzake, naye Breki hakuweza kukaa nyumbani roho ikiwa mkononi. Akaona heri awapangie yeye. Wiki moja kabla ya kila safari alipita njia nzima peke yake kwa pikipiki yake ndogo, mwendo wa kobe, akiandika penye petroli, penye changarawe, na mahali salama pa kusimama bonde lote likaonekana. Penye makorongo aliteremka akasukuma. Kila mwendeshaji alipewa karatasi yenye sharti moja: popote tutakapokuwa, saa nane kamili tunageuza.

"Breki, tunakwenda kutembea au kuzikwa?" walimtania.

"Chagueni wenyewe," aliwajibu.

Jumamosi ya tarehe 14 Septemba 2002 walitoka tisa. Walipofika chini ya mlima wa tatu wa siku hiyo ukungu ulianza kushuka, na saa nane ilikuwa haijafika. Aliwageuza. Mdogo wake wa mwisho alicheka, akasema anakwenda kupiga picha moja tu, akapotelea juu. Walisubiri kwenye kibanda cha chai saa nzima. Dada alishika kikombe asinywe. Kisha akavaa kofia yake ngumu, akamwambia mumewe abaki na wengine, akapanda akipiga honi kila baada ya hatua chache.

Alimkuta mdogo wake ameketi katikati ya barabara, pikipiki imelala, na mbele yake nusu ya barabara haipo. Ilikuwa imeporomoka.

"Dada, nimeogopa hata kugeuza."

"Mimi pia naogopa. Nishike mkanda, usiniachie."

Walishuka kwa miguu, dada mbele akipapasa ukuta wa mlima. Mdogo wake huyo ndiye anayewasomea wasifu huu.

Mwaka 2023 madaktari walisema moyo wa dada umetanuka. Alilazwa mara nne. Kila mara aliuliza maswali hadi wauguzi wakamkimbia: dawa hii ya nini, mlango wa kutokea uko wapi. Jumatatu ya mwisho alimshika binti yake mkono.

"Naogopa, mwanangu. Usiniambie nisiogope."

"Sikwambii, mama. Nipo."

Wakakaa hivyo. Alifariki Jumanne, tarehe 11 Machi 2025, saa tatu asubuhi, mkono wake ukiwa bado umeshikwa.

Ameacha mume, binti, mwana, wajukuu watatu na mdogo wake mmoja. Ameacha pia watu mia mbili na kumi na sita aliowapangia safari katika miaka ishirini na saba. Kila mmoja wao alirudi nyumbani. Wengi wamesimama hapa leo, na tunawaomba wainue mikono ili watoto wake wawaone.

Dada, pumzika kwa amani.