Radhi Hii Ina Mwenyewe

Mheshimiwa Mwenyekiti wa Sinodi, Mheshimiwa Meya wa mji wetu wa Ambatokely, waheshimiwa wachungaji wenzangu mliotoka sharika za jirani, wazee wa kanisa, mashemasi, Mama Mwenyekiti wa Umoja wa Wanawake na akina mama wote, kwaya zetu tatu, ndugu wa ukoo wangu na wa marehemu mume wangu, wageni waalikwa, Bwana Rivo uliyetukodishia turubai, na ninyi wengineo.

Hilo neno "wengineo" sikuliandika mimi. Karatasi hii nimepewa na katibu asubuhi, niwasalimu kwa vyeo nisimruke mtu. Nimeisoma mara mbili nikimtafuta mzee mmoja. Mwenye turubai yumo. Mpiga kinanda wetu, mzee Ramily, aliyekuwa kanisani humu miaka tisa kabla yangu, na ambaye leo amekanyaga pedali za kinanda kile tangu saa mbili asubuhi mpaka miguu inamtetemeka, hayumo. Yuko kwenye wengineo. Haya. Wengineo, nawasalimu kuliko wote.

Sasa mnasubiri niombe radhi. Kwetu msemaji hafungui mdomo kabla ya kuomba radhi: radhi kwa waliomtangulia kuzaliwa, radhi kwa kusimama wakati wakubwa wamekaa, radhi kwa neno litakalomponyoka. Hata mtoto wa darasa la tatu akisimama kusoma shairi huanza na radhi. Mimi nimeziomba hapa miaka ishirini na miwili, kwenye arusi, kwenye mazishi, hata siku tulipozindua choo cha shule. Leo siwaombi. Mzee Andriamasy, usinikonyeze, sijasahau. Radhi ninayo, nimekuja nayo, lakini ina mwenyewe, na mwenyewe si ninyi. Na wale mnaonong'onezana eti kwa nini Mama Mchungaji anaagwa amejifunga shuka la hariri kama mtu aendaye arusini, vumilieni kidogo.

Tangu asubuhi nimesifiwa mpaka nikageuka kutazama kama kuna mwingine nyuma yangu. Mzee Andriamasy, kiongozi wa mashemasi wetu, amesema mimi ndiye niliyewaunganisha. Amesema chini yangu watu wa kilimani na watu wa bondeni wamekuwa nyumba moja. Makofi yakapigwa. Jamani! Nimewaunganisha lini? Kwa kipi? Mnanisifu kwa kazi ambayo sikuifanya, tena mnajua sikuifanya, tena mnanishukuru kwa sababu sikuifanya.

Niwakumbushe kikombe.

Kila Alhamisi baada ya mazoezi ya kwaya, akina mama huleta maji ya ukoko wa wali, ya moto, yananukia. Vikombe vya maua ya buluu viko kabatini, dazeni mbili. Na kuna kimoja cha bati, cha kijani, kimebanduka rangi mdomoni, hakikai kabatini na wenzake. Kina msumari wake karibu na mlango. Nimenywea vikombe vya maua miaka tisa bila kuuliza kile cha msumarini ni cha nini. Miaka tisa! Mchungaji mzima, mwenye macho mawili na cheti cha theolojia.

Akaja Mchungaji Botovao kutoka pwani, mgeni, mrefu, amechoka na safari. Hakungoja kukaribishwa. Akakichukua kile cha kijani msumarini, akajimiminia. Mama Razay akapiga kelele utadhani ameona nyoka: "Mchungaji, weka! Hicho cha Ramily!"

Mgeni akashtuka. "Ramily anaumwa?"

"Hapana, haumwi."

"Basi ana nini?"

Mama Razay akatafuta jibu darini, hakuliona. "Basi tu. Kimezoea mdomo wake."

Na mzee Ramily alikuwepo pale mlangoni, anafuta miwani yake kwa pindo la shati. Akasema taratibu, "Kunywa tu, Mchungaji. Hakina meno."

Watu wakaangua kicheko. Mnakumbuka tulivyocheka? Mama Razay, usiinamishe kichwa, hukucheka peke yako. Mimi nilicheka mpaka nikajifuta machozi, kisha nikanyoosha mkono nikachukua kikombe changu cha maua. Hicho kicheko ndicho kinachonichoma mpaka leo. Mzee ametusitiri sisi, sisi tuliomvunjia heshima, na sisi tukaona ni utani mzuri.

"Ana nini?" Yule mgeni hakujibiwa. Nitamjibu leo, nimechelewa miaka kumi na mitatu. Ramily hana kitu. Babu wa babu yake alikuwa mtumwa. Alinunuliwa sokoni kama ng'ombe, na walionunua ni babu wa babu zetu sisi wa kilimani, sisi wenye majina marefu. Basi. Nimelitamka neno lenyewe humu ndani, mtumwa, na paa liko pale pale. Miaka yote mnasema "watu wa bondeni", "wale wenzetu", "wale wa asili ile". Mna upole wa kutisha ninyi. Hamjawahi kumtukana Ramily hata siku moja. Mmempigia magoti kwa "tafadhali" na "samahani", na mara tatu jina lake limependekezwa kwenye uzee wa kanisa, na mara tatu mmesema, kwa sauti tamu, "muda bado". Ana miaka sabini na moja. Muda upi huo? Wimbo uliowapa kombe la sinodi aliutunga yeye, nimemwona anautafuta kwa vidole wiki sita, mlango umefungwa, mvua inanyesha. Kombe liko wapi? Mwenyekiti wa kwaya, liko wapi? Liko sebuleni kwako, juu ya televisheni.

Lakini nisiwapige ninyi tu. Mimi ndiye niliyekuwa na mimbari.

Miaka minne iliyopita mwanangu Tahina, yule pale nyuma aliyesimama karibu na nguzo, aliniambia, "Mama, nataka kumwoa Voahangy." Voahangy, binti wa mzee Ramily. Mnamjua. Nani hamjui? Ndiye mkunga wetu hapa zahanati. Mzee Andriamasy, wajukuu wako mapacha, yule wa pili alipotoka hapumui, nani alimpulizia pumzi? Mikono ile ndiyo ya kwanza kuwagusa wajukuu zenu duniani. Lakini mikono hiyo hiyo ikishika kikombe chenu, mnakiosha mara mbili.

Nilifurahi? Ndiyo, kwa nusu saa. Jioni ile ile mashemasi wanne wakaja nyumbani, wamevaa vizuri, wamekaa kwenye ncha za viti. "Mama Mchungaji, sisi hatuna neno. Ila watu wataongea." Watu gani? "Watu tu." Keshoye akaja shemeji yangu Ralay, mkubwa wa ukoo wa marehemu mume wangu. Yeye hakuwa na ncha ya kiti, alikaa kiti kizima. Akaweka ufunguo wa kaburi la ukoo, kile chumba cha mawe tunamolazwa sote, juu ya meza yangu, karibu na sahani ya mihogo.

"Unaujua huu?"

"Naujua, shemeji."

"Kaka yangu amelala ndani, rafu ya mashariki. Nafasi pembeni yake ni yako. Tahina akioa bondeni, nafasi hiyo haipo. Yako haipo, yake haipo, ya watoto wake haipo. Mtatafuta pa kulala."

Akaurudisha ufunguo mfukoni, akala mhogo mmoja, akaenda zake.

Ninyi ni watu wa hapa, sina haja ya kuwaeleza nililala vipi. Nimeishi na Baba Tahina miaka ishirini na sita. Ndoto yangu ya uzeeni haikuwa nyumba wala gari. Ilikuwa kulazwa pembeni ya yule mzee mkoromaji na watu waimbe vizuri. Basi nikamwita mwanangu nikamwambia, "Subiri. Subiri nistaafu kwanza." Nikaliita hilo hekima. Ilikuwa woga, tena woga wa kitoto.

Jumapili yake nikapanda hapa nikahubiri kwamba katika Bwana hakuna mtumwa wala huru. Ala! Nilihubiri vizuri, msinione hivi. Akina mama walilia. Nikamaliza, mzee Ramily akapiga wimbo wa kufunga, hakukosea hata noti moja. Mlangoni akanipa mkono, akaniambia, "Mahubiri mazuri, Mchungaji." Hakunikejeli. Angenikejeli ningepata nafuu. Alikuwa anajua kila kitu, binti yake alikuwa amelia nyumbani wiki nzima, na bado akanipa mkono.

Alhamisi iliyopita nikaenda zahanati. Nilimkuta Voahangy ananawa.

"Mama Mchungaji, umekuja kupimwa presha?"

"Nimekuja kwa ajili ya Tahina."

"Tahina hajapotea. Jumamosi tulikuwa naye sokoni, alinunua ndizi mbovu kama kawaida yake."

"Voahangy, bado mnatakana?"

Akafunga bomba. "Miaka minne, mama. Ungeuliza mwaka wa kwanza ningekukumbatia. Sasa hivi nina hasira na wewe, na yeye bado namtaka. Vyote viwili."

Nikamwambia, "Nataka kuja kwa baba yako. Jumatatu, nikishakabidhi ofisi."

Akanitazama kutoka kichwani mpaka viatuni. "Jumatatu. Ukiwa si mchungaji tena, hakuna wa kukufukuza. Uje kimya kimya, kwa mlango wa jikoni, jirani asione. Ndiyo?"

Ndivyo hasa nilivyopanga.

"Hapana," akasema. "Baba yangu amewapa mgongo miaka thelathini na mmoja kwa sababu kinanda mmekielekeza ukutani. Kama unamtaka, mfuate pale pale. Watu wote wakiwepo. Tena uvae shuka la kuposea."

Haya basi. Shuka mmeliona.

Mwenyekiti wa Sinodi, naona unatazama saa. Nisamehe wewe tu kwa muda. Karatasi inasema sasa niwashukuru wafadhili na nikabidhi funguo za ofisi. Funguo ziko juu ya meza. Vikombe vya maua viko kabatini, vyote ishirini na vinne, hesabuni. Kile cha kijani msikitafute. Nimeung'oa msumari wake leo asubuhi, kikombe kiko kwenye mkoba wangu, na chai yangu ya leo nimeinywea humo. Atakayemkaribisha mzee Ramily Alhamisi ijayo atamkaribisha kwa kikombe cha maua, au atajieleza mwenyewe kwa mdomo wake kwa nini hapana.

Shemeji Ralay, uko safu ya tatu. Kazi ninayokwenda kuifanya ni yako, wewe ndiwe msemaji wa ukoo. Nilikuomba Ijumaa, ukacheka. Basi naifanya mwenyewe, mwanamke, mjane, na kichwa changu hakijafunikwa. Ufunguo wako kaa nao. Baba Tahina akinikosa pembeni yake atadhani nimecheleweshwa na kikao, amezoea. Nilikuwa nataka sana kulala pale, Ralay. Nalia, ndiyo, mnaniona. Lakini sitanunua nafasi ya kulala kwa ndoa ya mwanangu. Bondeni nako kuna udongo.

Mzee Ramily. Acha kupanga vitabu vya nyimbo, hakuna wimbo sasa. Geuka, mzee wangu. Geuza kiti, tukuone uso.

Asante.

Naomba radhi. Naiomba kwako, mimi Hantasoa, mama yake Tahina. Radhi kwa kusimama wakati wewe umekaa, na umenitangulia kuzaliwa. Radhi kwa kikombe. Radhi kwa kicheko. Radhi kwa mahubiri yale mazuri. Radhi kwa kumwambia mwanangu asubiri, kana kwamba binti yako ni mvua, iko tu, itanyesha siku nikitaka mimi. Radhi kwa kuja bila mzee wa kunisemea, sikumpata aliyekubali. Kama radhi hizi hazitoshi, niambie zilizobaki nami nitaziomba, sina haraka, kazi yangu imekwisha leo.

Na kama umenisikia, nimekuja kuposa. Namwomba binti yako Voahangy awe mke wa mwanangu Tahina, aingie nyumbani kwetu kwa mlango wa mbele, na wewe na watu wako mwingie naye.

Wageni waalikwa na waheshimiwa wote mlionitegea masikio, asanteni, hotuba yenu imekwisha. Anayetaka kwenda kula aende, wali uko tayari chini ya turubai. Mimi sitoki hapa. Nimesimama namngoja mzee huyu anijibu.