Nyuzi Mia Tatu na Ishirini

Kwa mujibu wa waraka wa uongozi wa hospitali wa tarehe 3 Februari 2014, kila pasi ya kulehemu iwekwe joto la nyuzi mia tatu na themanini, lehemu isiwe na madini ya risasi, na kifaa chochote kilicholehemiwa kinyume cha hapo kimekwisha kuondolewa wodini. Marehemu aliusoma akiwa amesimama, kama alivyofanya mambo yake mengi.

Alizaliwa tarehe 14 Machi 1957 nyuma ya duka la baiskeli la baba yake. Mama yake alisema alitembea kabla ya kukaa, jamaa hawakubisha. Alihitimu chuo cha ufundi mwaka 1977, akaajiriwa karakana ya hospitali, akakaa miaka thelathini na sita, kama kuzunguka vile ni kukaa.

Tarehe 5 Septemba 1981 aliolewa na fundi cherehani aliyemletea redio mbovu. Ilipopona, bwana huyo aliirudisha kwake tena na tena.

“Kaka, redio hii nzima. Mgonjwa ni wewe.”

Waraka ulipotoka, alimweleza mkuu wa karakana kwamba mashine mpya zipewe lehemu yao, lakini za zamani zilizaliwa na bati na risasi: mia tatu na ishirini zinazitosha, ukizidisha, njia za shaba kwenye bodi zake hubanduka.

“Mama, waraka ni waraka.”

“Na shaba ni shaba, mwanangu.”

Alitakiwa atie saini kwamba kazi zake za nyuma ni mbovu. Alikataa, akastaafishwa mwezi Juni. Tangu hapo hakutulia. Alipanga kabati akalipangua, akafungua redio nzima za majirani.

“Mke wangu, keti basi.”

“Nikiketi, nani ataniambia kama kazi yangu ilisimama?”

Moyo ulianza kumsumbua Januari 2021. Alilazwa tarehe 2 Mei, akawachosha wauguzi kwa kuuliza mashine ipi imerudi karakana. Alifariki tarehe 19 Mei, saa kumi na dakika kumi na mbili alasiri.

Ameacha mume, mabinti wawili na mjukuu mmoja asiyekalishika. Mola ampe pumziko, na subira ya kulipokea.

Saa ya kifo ilisomwa kwenye mashine ya moyo kando ya kitanda. Binti mkubwa alipoisogeza, aliona chini yake mwandiko wa mama yake: “Bati na risasi, nyuzi 320, Agosti 1999.” Muuguzi aliihamishia kitanda cha pili, kwa kuwa ndiyo pekee wodini iliyokuwa ikifanya kazi.