Karibu, Bila Kushika: Maisha ya Mwalimu Mumbua Kilonzo

Mchungaji, jamaa, majirani na marafiki, mimi ni Katunge, kitinda mimba wa marehemu, na familia imenituma nisome haya.

Mwalimu Mumbua Kilonzo alizaliwa tarehe 14 Machi 1961 huko Ikutha, binti wa marehemu Mzee Nthiwa na marehemu Nduku, akasoma shule ya msingi huko huko, kisha sekondari mjini Kitui, akahitimu chuo cha ualimu mwaka wa 1984, na akafundisha mazoezi ya viungo hadi alipostaafu mwaka wa 2021. Tarehe 6 Desemba 1986 alifunga ndoa na baba yetu, Kilonzo, wakajenga Makindu, na Mungu akawajalia Mulinge, Kalekye na mimi.

Mwaka wa 2019 nyanya yetu Nduku alianguka mlangoni pake, akavunjika nyonga, hakutembea tena, na Mama akakataa katakata kwamba kuzeeka ni kuanguka. Alipostaafu alianza kuwafunza walimu wa jimu, Kitui na Makindu, namna ya kupima kama mzee anasimama imara: avue viatu, ainue mguu mmoja kando ya kiti, na mwalimu asimame nyuma yake mikono wazi, karibu, bila kushika. Vijana waliozoea kuinua vyuma waliingiwa na hofu, wakawakamata wazee makwapani kama magunia ya ndengu, naye akawafokea kwamba ukimshika mzee umepima mkono wako mwenyewe. Sisi watoto tulicheka sana, maana hivyo ndivyo alivyotufunza kutembea, ingawa mimi siku zote nilitamani anishike zaidi.

Januari 2025 aligunduliwa kuwa na saratani ya ini. Kila asubuhi alitaka kuinuka kitandani mwenyewe, nami nikasimama nyuma yake, na nikimgusa tu ananigombeza. Asubuhi ya tarehe 9 Agosti aliinuka, akatulia kidogo, kisha akaniambia leo nimshike, nikamshika, akaniegemea mwili mzima, na kabla ya adhuhuri akatuacha.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani mliolala nasi matangani, na ninyi walimu wa jimu mliokuja na wazee wenu, waliotembea wenyewe kutoka barabarani ninyi mkiwa nyuma yao; Mama angefurahi mno.

Mama, nina hamu nawe na mikono yangu ingali wazi, ila aliyekuita hakupimi, amekushika, basi pumzika kwa amani.