Fundi Masafa na Mitaa Aliyoipima kwa Miguu

Ndugu waombolezaji, majirani, na nyote mlioacha shughuli zenu ili mtushike mkono, nimesimama kwa niaba ya familia, mimi mkamwana wake, niwasomee maisha ya baba yetu, ambaye wengi mlimwita Fundi Masafa.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1959, mtoto wa tatu wa mshona viatu na mkunga, akasoma shule ya msingi kuanzia mwaka 1967 hadi 1973, na huko ndiko alikoifungua redio ya mwalimu mkuu bila ruhusa, akaifunga tena, skrubu mbili zikabaki mezani na redio ikaimba. Alisoma chuo cha ufundi kuanzia 1975 hadi 1977, na tarehe 1 Februari 1978 akaajiriwa katika chumba cha mitambo cha kituo cha redio, akadumu hapo hadi kustaafu mwaka 2019.

Jumamosi tarehe 8 Agosti 1981 alifunga ndoa na mama yetu, aliyekuwa mapokezi hapo hapo kituoni, na ambaye husema alichumbiwa na harufu ya solda, ile risasi ya kuungia nyaya, wakajaliwa watoto wanne na wajukuu saba. Mimi nilipojifungua, alikuja kila asubuhi kumbeba mtoto ili nipate usingizi, na hakuwahi kuuliza kwa nini vyombo havijaoshwa, aliviosha.

Mwaka 2022 kituo kilimwita arudi kusimamia majaribio ya redio ya dijitali, ile inayorushwa kutoka mnarani na kusikika bila intaneti. Oktoba 2023 ukaitishwa mjadala, kama redio hiyo inaweza kuwavuta watu waliozoea kusikiliza kwenye simu, au mtambo uzimwe na vipindi vyote vihamie intaneti. Aliyempinga ni rafiki yake wa miaka mingi, mkuu wa upande wa intaneti, tunayemwita Mjomba Bando, aliyesema, "Fundi, mtu ana mfuko mmoja, na simu imeshakaa." Baba akamjibu, "Basi niachie nitengeneze redio inayojua kusogeleana na simu humo humo mfukoni." Watu wakacheka, lakini kikao kikampa hadi Januari 2025 alete ushahidi.

Hapo ndipo alipogundua kosa lao, kwamba kwa miezi yote walipima usikivu juu ya paa la studio, kwenye antena ndefu, wakaandika "safi kabisa", ilhali hakuna msikilizaji anayeishi juu ya paa. Akatia redio ndogo mfukoni, akaanza kutembea mtaa kwa mtaa, sokoni, saluni, kwenye ngazi za maghorofa, akiandika kila mahali kwenye daftari.

Aprili 2024 aliugua figo, akawa anasafishwa damu mara tatu kwa wiki, na redio akaenda nayo hospitalini. Redio ya zamani mawimbi yakififia hukoroma, hii ya dijitali hunyamaza ghafla kama uzi uliokatwa, na katika wodi namba nne ilinyamaza. Mama alimsihi asiliandike hilo, maana lingemwangusha kikaoni, lakini siku hizo kalamu nilikuwa nayo mimi, na baba akaniambia, "Mwanangu, mgonjwa hana pa kuhamia ili asikie. Andika." Niliandika, na chini yake akanitajia mahali pa kuweka mtambo mdogo wa kuongeza nguvu ili wodi hiyo isikie.

Miguu ilipokataa, Mjomba Bando aliichukua redio, akamalizia mitaa kumi na minne iliyobaki, akilalamika kwamba amegeuzwa punda wa mpinzani wake, na kila jioni alileta majibu bila kupunguza wala kuongeza. Baba alifariki Jumapili tarehe 12 Januari 2025, saa tatu asubuhi, daftari likiwa limekamilika.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, hasa muuguzi aliyemsogezea kitanda dirishani ili redio ishike, majirani waliotupikia, na wafanyakazi wenzake. Kikao ni Ijumaa tarehe 24, na atakayelisoma daftari ni Mjomba Bando mwenyewe. Ametuambia waziwazi kwamba bado anaamini simu itashinda, lakini atasoma kila ukurasa, hata ule unaomshinda yeye.

Baba, umefanya sehemu yako yote. Lala salama, nasi tutakuwepo kusikiliza.